Wimbo Uliotolewa Sadaka

Smaranda alikuwa mezani, anakula ugali wa asubuhi kwa maziwa, alipotaka kumwomba mama yake kijiko na neno likakataa kuja. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akakohoa. Kikohozi hicho hakikuwa cha mtoto wa miaka sita. Kilikuwa cha mzee, kirefu, chenye makohozi na tumbaku ndani yake, na kilipokwisha mtoto akajifuta midomo kwa nyuma ya mkono, taratibu, kwa namna ambayo mama yake, Otilia, aliwahi kuiona kwa mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa amezikwa miaka saba iliyopita.

"Unataka nini, mwanangu?" Otilia aliuliza.

Mtoto akanyoosha kidole kwenye droo.

"Sema kwa mdomo."

"Kile," Smaranda akasema. "Kile cha... kile."

Baba yake, Cezar Bejenaru, hakusikia kitu, kwa sababu alikuwa anajisikiliza redioni. Alikuwa amefumba macho na kutikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo zito kwa mara ya kwanza, ingawa wimbo ule alikuwa ameusikia mara nyingi kuliko kiumbe mwingine yeyote duniani. Uliitwa "Koti la Ilarie", na mwaka ule usingeweza kunyolewa nywele wala kununua vitunguu hapa Vadu Sarat bila kuusikia. Kiitikio chake kilisema: *Ilarie, ndugu yangu, baridi yako ilikuwa yangu.* Wanawake walikuwa wakifika hapo wanatafuta leso.

Ilarie Zubcu alikuwa mshairi wetu. Tunalisema hilo sasa, tena kwa sauti. Alipokuwa hai aliitwa mlevi, na wale wenye adabu walimwita maskini wa Mungu kisha wakavuka barabara. Ujanani alitoa kitabu kimoja chembamba. Halafu akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akatoka, akalazwa tena, akarudi uso umevimba kwa dawa na sehemu nyingine zote zimekonda. Alilala kwenye benchi la kituo cha treni na kuandika juu ya karatasi za kufungia jibini. Jioni alikwenda baa ya Titus kuomba chochote kilichobaki kwenye glasi za watu.

Cezar wakati huo alikuwa mpiga gitaa wa harusini, na ndiye aliyebuni mchezo wa sigara. Ilarie alipaswa kusimama juu ya kiti aseme shairi zima, asikosee, ndipo apewe sigara moja. Kabla ya kumpa, Cezar aliichovya kwenye bia. Baa nzima ilicheka, na ambao hawakuwapo walisimuliwa wakachekea majumbani. Ilarie aliipokea sigara iliyolowa, akaichomeka nyuma ya sikio ikauke, akashukuru kwa heshima kama aliyepewa medali. Alikufa mwezi wa Februari, kwenye lile benchi, koti lake limegandia mbao. Huyo ndiye ndugu yake Cezar.

Wimbo ulipopata umaarufu, mji mzima uligundua kwamba nao ulimpenda Ilarie. Jana tulikuwa na mlevi, leo tuna fahari ya taifa. Ikafika kumbukumbu ya mwaka wa saba wa kifo chake. Kwa miaka yote dada yake, Bi Saveta, mjane mwenye miguu ya kuvimba, alikuwa anapika ngano ya marehemu peke yake na kuigawa makaburini kwa majirani wachache. Safari hii walikuja mamia, na watu wa televisheni pia.

Sasa, sadaka ya wafu kila mtu kwetu anajua inavyotolewa, hata mlevi, hata aliyekuwa katibu wa chama enzi za ukomunisti. Unachukua kitu: ndoo, kikombe, shuka, mkate wenye mshumaa. Unamkabidhi mtu aliye hai, unamtaja marehemu, unasema kiwe chake huko aliko. Anayepokea anajibu, "Mungu apokee." Basi, imekwisha. Mkono uliopokea ni mkono wa mfu, na kitu kile ni mali yake. Ndoo inaweza kukaa jikoni kwa jirani yako mpaka ishike kutu, lakini wewe uliyeitoa huwezi kwenda kuiazima umwagilie nyanya zako. Hakuna bibi wa Vadu Sarat asiye na kisa cha mtu aliyeiazima.

Siku hiyo kila mtu alikuja na kitu. Mchoyo mkubwa wa mtaa alileta taulo. Cezar alikuja na gari jipya, miwani ya jua, mke, mtoto na mikono mitupu. Kamera ilipomgeukia, akatupa macho huku na huku, akaona watu wote wameshika vitu isipokuwa yeye. Mtu wa kawaida angeona haya. Cezar alichukua mshumaa kutoka meza ya Bi Saveta, mshumaa ambao hata hakuununua, akauweka mkononi mwa binti yake.

"Mimi ni msanii," alisema, sauti inatetemeka pale ilipotakiwa kutetemeka. "Sina ndoo. Ninampa Ilarie kitu nilichozaa mwenyewe. Ninampa wimbo wangu. Uwe wake huko aliko."

Padri Gherasim alianza kutafuta miwani yake, ambayo alikuwa ameivaa. Wanawake wazee walitazamana. Bi Saveta aliweka chini bakuli la ngano. Na Smaranda, aliyefundishwa adabu na bibi yake na hakuwahi kuona mtu mzima akitoa kitu asichokusudia kukitoa, alisema kwa sauti safi, "Mungu apokee."

Ilionyeshwa kwenye taarifa ya habari. Jioni ileile Cezar alikuwa harusini kijiji cha pili, jukwaani, anauimba ule wimbo mbele ya maharusi na mwanakondoo wa kuchoma. Ile asubuhi ya kijiko ndiyo iliyofuata.

Juma lile aliuimba tena kwenye sikukuu ya maboga ya akiba, yaani mji mzima wa jirani ulikusanyika kusherehekea maboga yaliyobaki ghalani, na Cezar akayalilia. Kesho yake Smaranda alipoteza majina ya wanyama. Kuku alikuwa "huyu", paka alikuwa "huyu", na farasi wa jirani alipopita mtoto alimtazama, machozi yakamlengalenga kwa kulitafuta jina lake. Akaimba redioni, moja kwa moja. Mtoto akapoteza majina ya rangi. Akaimba kwa mkubwa fulani aliyefikisha miaka sitini. Mtoto akapoteza majina ya wenzake shuleni, akaacha kucheza nao, maana utamwitaje mtu usiyejua jina lake.

Walimpeleka kwa daktari wa koo kule Iasi. Daktari alisema koo zima, masikio mazima, wazazi waache kumdekeza.

Na harufu ikaanza. Otilia alifungua madirisha ya chumba cha mtoto mchana kweupe, jua linapiga kitandani, na bado chumba kilinuka koti la sufi lililolowa, tumbaku mbichi, na bia iliyochacha. Alifua mablanketi, akayaanika uani, yakanuka hivyohivyo kwenye kamba. Siku moja, Smaranda akiwa shule na Cezar akiwa mjini, Otilia alikuwa anamenya viazi aliposikia mtu anakohoa nyuma ya mlango wa chumba kile. Alikohoa kwa utulivu, kama mtu anayesubiri treni. Otilia alikaa na kisu mkononi hadi mtoto aliporudi.

Otilia si mjinga. Kosa lake kubwa maishani alilifanya kanisani, siku ya ndoa, na tangu hapo alikuwa mwangalifu. Jioni akamwambia mumewe.

"Kila ukiuimba, mtoto anapoteza kitu."

"Anapoteza nini? Watoto wana vituko vyao. Mama anasema hata mimi nilichelewa kusema."

"Na ulipoanza hukunyamaza tena. Cezar, ulimpa wimbo ule. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na mtoto ndiye aliyepokea."

"Ile ilikuwa namna ya kusema tu. Ilikuwa televisheni."

"Huko aliko hawana televisheni. Amekusikia, basi."

Cezar alicheka, akamwita mke wake mchawi mzuri, akaenda kuchana nywele.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Otilia akiwa anatoa sahani, Cezar alichukua gitaa akakaa karibu na dirisha. Alisema atamchangamsha mtoto. Ukweli ni kwamba alikuwa na onyesho kesho yake na alitaka kulipasha koo moto. Smaranda alikuwa sakafuni na mdoli wake, mgongo umeelekea kwao. Cezar akaanza taratibu, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, na alipokaribia kiitikio Otilia aliona mapazia yametulia kabisa ingawa nje kulikuwa na upepo unaopeperusha majani ya mzabibu, na harufu ile ikapanda kutoka sakafuni, ikapita juu ya harufu ya kabichi na nyama, ikaingia puani na mdomoni hadi akahisi ladha ya bia ulimini, na mtoto akakohoa, akakohoa tena, mabega madogo yakapanda na kushuka na kikohozi kikubwa kisichoweza kutoshea kifuani mle, kisha akageuka pole pole akiwa bado amemkumbatia mdoli, akamtazama baba yake kwa macho yaliyochoka ya mtu aliyesubiri muda mrefu mahali pa baridi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume.

"Mstari wa tatu umetiwa maji," ilisema.

Mkono wa Cezar ukabaki juu ya nyuzi.

"Ulisikia sawa. Wa tatu. Na ubeti wa pili wote umeuiba kwangu, tena umeiba vibaya, umeacha neno zuri ukachukua lililokuwa kando yake." Kikohozi. "Wengine wamenipa ndoo. Ndoo nzuri, haivuji. Bibi mmoja kanipa soksi. Wewe umenipa takataka hii, na huku niliko hakuna redio ya kuzima."

"Ilarie," Cezar alinong'ona. "Ndugu yangu."

"Baridi yangu ilikuwa yako lini, Cezar?"

Jasho lilikuwa linamtoka Cezar, likichukua na rangi ya nywele zake likishuka shingoni.

"Sikukuomba," sauti ikasema. "Ungeninyima kama ulivyoninyima vingine, tungekuwa sawa. Lakini umenipa, na mimi si mtu wa kupewa vitu kila siku. Kibaya, lakini changu. Wewe ukija kukiazima bila kuniuliza, na mimi naazima. Nachukua kwenye mkono ulionipokelea. Sina mkono mwingine."

"Mwache mtoto," Otilia alisema. Alikuwa amepiga magoti sakafuni. "Nakuomba, mwache. Hajakukosea."

Yale macho yakamgeukia, na hapo yalikuwa na upole kidogo.

"Mwambie mumeo," sauti ikasema. "Una sigara, Cezar? Kavu."

Na Cezar akaidondosha pakiti, akaiokota, akatoa sigara moja akamwekea binti yake kiganjani. Smaranda akaitazama, akaipapasa kwa kidole kuona kama imelowa, akaichomeka nyuma ya sikio lake dogo. Kisha mapazia yakaanza tena kupepea. Mtoto alimtazama Otilia aliyekuwa analia, akafungua mdomo kumwita, na hata neno hilo halikuwapo. Alikuwa amepoteza "mama".

Cezar alilia kweli siku ile, na ni haki kulisema. Alilia mpaka kukaingia giza. Alipomaliza kulia akafikiri, akachukua kalamu, akaurekebisha mstari wa tatu.

Otilia alimwona. Asubuhi alimbeba mtoto akaenda naye kwa Bi Saveta, aliyekuwa uani anapanga matango kwenye mitungi ya chumvi.

"Kaa," Bi Saveta alisema. "Mtoto amekula?"

"Hajala. Bi Saveta, kaka yako yumo nyumbani kwangu."

"Najua. Nilijua siku ile ile, nilipoona mshumaa wangu mkononi mwa mtoto." Alimkatia Smaranda kipande cha mkate wenye siagi, akamtazama anavyoushika. "Ilarie hakuwa mbaya, binti yangu. Alikuwa na kiburi. Watu wanadhani maskini hana kiburi. Alikuwa nacho kuliko askofu."

"Arudishiwe nini ili aondoke?"

"Kilichotolewa hakirudi, na hakibadilishwi. Mumeo asiuimbe, basi. Maneno ya mtoto yatarudi yenyewe. Ilarie hajayala, ameyashika tu."

"Cezar ataapa. Ataapa mbele ya sanamu ya Bikira na machozi juu. Kisha ataimba."

Bi Saveta alibana kifuniko cha mtungi kwa nguvu zake zote kabla ya kujibu.

"Kuna kubadilisha mkono," alisema. "Mama yangu aliwahi kuona ikifanywa. Unamtolea mfu kitu kingine cha nyumba ileile, unaweka sharti: deni likija tena, alichukue huko, si huku. Lakini lazima kiwe kitu chako kweli. Ukitoa cha mwenzio unajitafutia mengine."

"Ninatoa sauti ya mume wangu."

Mama mzee akamtazama.

"Ni yako?"

"Kila jioni tangu tuoane nimeichemshia maziwa na asali. Nimeifungia shali wakati wa baridi. Nimenyamaza mimi ili yenyewe isichoke kwa kubishana. Kama si yangu, basi si ya mtu."

Bi Saveta alifikiri, akakubali kwamba ni yake.

Jumamosi ya wafu iliyofuata, siku ya kuwakumbuka marehemu, walikwenda kaburini, wanawake wawili na mtoto, mkate, mshumaa na mtungi wa asali. Otilia alisema maneno bila kutetemeka. Mume wangu asipouimba, sauti ni yake aishi nayo. Akiuimba, iwe yako huko uliko, na mtoto umwache. Bi Saveta akapokea asali kwa mikono miwili, akasema, "Mungu apokee." Upepo ulivuma kidogo kutoka upande wa kituo cha treni, ukanuka tumbaku, lakini tumbaku kavu.

Cezar aliapa, kama ilivyotabiriwa, na machozi juu. Alikuwa bado anaogopa wakati huo. Alifuta maonyesho yake, akawaambia magazeti kwamba ana huzuni ya kisanii, nao wakaandika ukurasa mzima juu ya huzuni hiyo. Siku zikapita. Asubuhi moja Smaranda aliketi mezani, akalitazama bakuli lake, akasema, "Kijiko." Akalisema tena kwa mshangao, "Mama, kijiko," na Otilia akamletea vijiko vyote vilivyokuwamo ndani ya droo. Kufikia mwisho wa kiangazi mtoto alikuwa anasema bila kupumzika, hata walimu wakaanza kumlalamikia. Harufu iliondoka chumbani. Kikohozi hakikusikika.

Hapo ndipo meya alipotangaza kwamba Sikukuu ya Mji itafunguliwa kwa kuzindua sanamu ya Ilarie Zubcu.

Ndani ya gari, wakielekea uwanjani, Otilia alimwambia mumewe waziwazi, ili asije kusema hakuambiwa.

"Nimeitoa sauti yako kwa Ilarie. Ukinyamaza ni yako. Ukiuimba ule wimbo ni yake."

"Mmepanga na yule bibi wa matango."

"Ndiyo."

"Siimbi," Cezar alisema, akajitazama kwenye kioo cha gari. "Nimekuja kukaa tu, nipige makofi kama raia yeyote."

Raia yeyote alikuwa amevaa koti jeusi refu, mchana wa jua la Septemba, na gitaa limo kwenye buti.

Uwanja ulijaa. Sanamu ilikuwa imefunikwa kwa bendera, na meya alipoivuta tuliona kwamba mchongaji amempa Ilarie nywele za kutosha, shingo pana, na meno yote, ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu atoke hospitali mara ya pili. Meya alihutubia. Alisema mji huu ulimlea mshairi kifuani mwake. Bi Saveta alikuwa amekaa mstari wa mbele, miguu yake ya kuvimba ameinyoosha mbele yake.

Halafu mtu mmoja akapaza sauti, "Koti!" Mwingine akaitika. Punde uwanja wote ulikuwa unaita, "Koti! Koti!" na kamera kutoka Bukaresti ikamgeukia Cezar, taa yake nyekundu ikawaka. Ilikuwa taa ndogo sana. Cezar alimtazama Smaranda, aliyekuwa anatafuna mkate wa chumvi na kumweleza mama mmoja asiyemjua habari zote za paka wake. Mtoto ni mzima, alijiambia. Mambo yamekwisha. Ubeti mmoja tu. Otilia alitikisa kichwa, mara moja, na yeye akamwona. Akaenda kuchukua gitaa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu tulikuwa tumemsifu mwaka mzima.

Aliimba ubeti wa kwanza vizuri, sauti yake mwenyewe, laini, ya asali. Aliingia ubeti wa pili na watu walikuwa wameshaanza kutoa leso, na hapo wale waliokuwa mbele wakainua pua, kwa sababu katikati ya harufu ya soseji na mahindi ya kuchoma ilipita harufu ya koti la sufi lililolowa, ikapita mstari kwa mstari kama mtu anayepenya kwenda mbele, ikafika jukwaani, na Cezar aliyekuwa amefungua mdomo kwa kiitikio akakohoa badala yake, akakohoa kwenye kipaza sauti hadi njiwa wakaruka kutoka paa la benki, akalishika koo kwa mikono miwili na gitaa likaanguka likalia peke yake kwenye mbao, na macho yake, yale yaliyokuwa yanatafuta kamera siku zote, yakaanza kututazama sisi, mmoja mmoja, kama yanatukumbuka.

"Titus," ilisema sauti, na haikuwa ya Cezar. "Ulikuwa unanipa mabaki ya glasi uliyozimia sigara. Nilikuwa nachuja kwa meno. Meya, wewe ndiye uliyetuma watu wamwage maji kwenye benchi Januari ili nisilale pale. Yaliganda, nikalala juu ya barafu. Padri, ulinipa mkate, ukanisubirisha nje ili nisichafue zulia." Ikapumzika, ikakohoa. "Na hayo meno ni ya nani? Mrudishieni mwenyewe."

Kisha ikasema shairi. Hakuna aliyewahi kulisikia. Sitaliandika hapa, si langu, ila nitasema kwamba lilikuwa fupi, halikuwa na neno la ziada, na lilipokwisha mtu angeweza kusikia nyaya za bendera zikigonga nguzo.

Ndipo tukapiga makofi. Ndiyo, tulipiga. Titus alipiga akiwa amesimama. Meya alilia mbele ya kamera, akasema hiyo ndiyo sanaa, sanaa lazima iume. Mtangazaji kutoka Bukaresti alisema Cezar Bejenaru amevaa nafsi ya marehemu kuliko mwigizaji yeyote aliyepata kumwona. Cezar alisimama katikati ya makofi hayo, makubwa kuliko yote aliyowahi kupigiwa, akafungua mdomo kushukuru. Akakohoa. Akajaribu tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na sisi tukazidi kupiga makofi.

Smaranda alimvuta mama yake mkono.

"Mama," alisema, "baba amechukua kikohozi changu."

"Nimesikia," Otilia akajibu. Akamshika mtoto mkono wakaenda nyumbani kwa miguu.

Madaktari wamemtazama Cezar, hata wa Bukaresti. Koo zima, masikio mazima. Nyumbani alikaa muda, lakini hakuweza kulala kitandani, alisema kwa ishara kwamba kuna joto sana. Baridi ilipoanza alivaa lile koti jeusi akaenda kukaa kituo cha treni, na huko yuko. Neno lake mwenyewe hana hata moja. Ukimpa sigara anapanda juu ya benchi, anasema shairi zima la Ilarie, asikosee hata herufi, na uso wake wakati huo unakuwa wa mtu anayesikiliza jambo asilolitaka. Vijana wa baa ya Titus huichovya kwanza kwenye bia. Anaipokea, anaichomeka nyuma ya sikio ikauke, anainamisha kichwa kushukuru.

Jumamosi za wafu Otilia hupita pale na Smaranda, aliye na miaka tisa sasa na bado anaongea kupita kiasi. Wanamwachia mkate na asali. Mtoto huwa anamweleza habari za shule, na yeye humsikiliza hadi treni inapoingia.

Sisi wengine tunapita tunavuka barabara. Lakini mtu asituone wabaya. Majuzi meya alikuwa uwanjani na mchongaji wake, wanapima kwa futi nafasi iliyobaki kando ya sanamu ya Ilarie, na mchongaji aliuliza huyu wa pili ana meno mangapi.